Kiti Kisicho na Msumari

Jumatatu, 10 Novemba 2014

Leo tena mwanangu kavaa glovu. Nyeupe, kama anaosha maiti. Kumbe anashika kiti. Kiti cha Wachina wa zamani, mti mgumu, mwekundu kama mninga uliozeeka. Aisha, mjukuu wangu, kaniwekea simu hapa inishike sauti, kasema bibi bonyeza kitufe chekundu uongee. Kuandika sijui. Kusema najua.

Nashinda karakanani anakoajiriwa huyu mwanangu Rama kutengeneza samani za zamani, huku Frogtown, Marekani, karibu na hita. Nyumbani Brooklyn Center mchana hakuna mtu, na wananiogopea na jiko. Niliunguza maharage siku moja. Moja tu. Basi ananibeba kwenye gari kama chupa ya chai.

Akaja mama wa Kizungu mwenye kiti. Kiingereza changu cha kuokoteza, ila mikono ya Rama niliielewa. Hakuna msumari. Hakuna gundi. Ulimi wa ubao unaingia kwenye tundu la ubao mwingine, mti unashika mti. Mama wa watu akajishika kifua. Mimi nikageukia hita. Nina hasira mpaka sasa.

Jumanne, 11 Novemba

Niseme. Baba yake Rama, marehemu Masudi, alikuwa seremala Tabora. Miaka ile madukani hakuna kitu. Sabuni hakuna, msumari ndiyo usiseme. Akawa anatengeneza vitanda kwa ulimi na tundu. Namshikia ubao, anapiga patasi, mimba ya Rama hii hapa. Vitanda vyake havikulia hata kwa maharusi.

Misumari ikarudi, watu wakataka makochi ya sponji. Rama yuko sekondari. Akamwambia baba yake mbele ya wateja, "Baba, nunua misumari kama watu. Unatutia aibu." Masudi akacheka. Kicheko cha mdomoni tu. Tangu siku hiyo akapigilia misumari, makochi mabaya, akiyatazama kama watoto wa mtu mwingine. Kafa hivyo.

Leo Rama anawafundisha Wazungu.

Jumatano, 12 Novemba

Theluji. Sina la kusema. Vitunguu vya huku hata machozi havitoi.

Alhamisi, 13 Novemba

Kiti ni kizuri, nisiseme uongo. Rama alipokwenda chooni nikakikalia. Mgongoni ubao mmoja, umechongwa ukapinda kama mgongo wa mtu. Pa kuwekea mikono panaanzia kulia, panazunguka nyuma, panatokea kushoto, kama mtu kakukumbatia. Si mti mmoja. Vipande vitano, na ukipitisha kidole husikii vilipokutana. Nani alikaa akafanya haya, na mkewe alikuwa anafanya nini.

Kiungo kimoja kinacheza. Rama anataka kukifungua akisafishe. Hapo katikati pana kijiti kidogo, kama punje ya haragwe, ndicho kimefunga ndimi mbili zisiachane. Chini kumejaa nta ya zamani, macho hayaoni. Kidole kinaona. Juu ni kinene, chini chembamba. Masudi alifunga hivyo hivyo mbavu za vitanda virefu. Kukitoa unapiga kutoka chini, kwenye wembamba. Ukipiga juu unakikaza, ulimi unapasuka ndani.

Rama anakizungukia, anajikuna kichwa. Kesho anafungua. Asiponiuliza, simwambii.

Ijumaa, 14 Novemba

Alipiga juu.

Nilimwona anachukua nyundo ya mti. Nikatazama chai yangu. Pigo la tatu likatoa mlio, mdogo, kama mtu anavunja vidole. Ulimi umepasuka.

Bosi wake hakufoka. Bora angefoka. Kamwambia aende na kile kipande nyumbani, akitengeneze, na Jumatatu kisiposhika asirudi kazini.

Nilidhani nitafurahi. Wapi. Huyo Mchina aliyechonga hakunikosea kitu. Kazi yake imepita mikono ya watu sijui wangapi, imevuka bahari, imefika huku nzima. Nimeivunja mimi, kwa kufunga mdomo. Mimi ambaye sinyamazi hata nikiumwa jino.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemwambia. Kwenye gari tukitoka dukani Roseville, tumesimama kwenye taa nyekundu. Nikasema, "Rama, nilijua. Kijiti kile kinapigwa kutoka chini."

Taa ikawa kijani. Hakuondoka. Nyuma wanapiga honi.

Akasema, "Nilijua unajua, Mama. Nilishindwa kukuuliza."

Basi. Akaendesha. La baba yake hakutaja. Hata pale hakutaja. Ndiyo maana hakuniuliza, angeniuliza ingebidi amtaje. Na mimi ningemwambia mapema ningekosa kumwona anaumbuka. Tumefanana, mama na mwana. Kiti cha watu ndicho kimelipa.

Jumapili, 16 Novemba

Kimya leo. Mkwe wangu yuko kazini. Aisha anatazama katuni, nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza bila kugeuka. Miguu imevimba, nimeiweka juu ya mto.

Rama yuko gereji, chumba cha gari kilichoshikana na nyumba, tangu asubuhi. Kapata kipande cha mti mgumu, anachonga ulimi mpya. Naisikia patasi kutoka hapa. Kwa mlio tu najua anakwenda mbio mno, anakata kinyume na nyuzi za mti, atapasua tena. Sijamsamehe. Wala simu hii isimwambie vingine.

Kaacha kugonga.

Kafungua mlango kidogo, baridi yote inaingia. Anauliza, "Mama, Baba alikuwa anaanzia upande gani?"

Ngoja nivae viatu.