Gari Lisiloniomba Gia

Baba Zaina,

Salaam nyingi kutoka hapa Mkata, na kabla hujauliza: ndiyo, nimempeleka Mwanaidi wetu. Mimi mwenyewe, mpaka mlangoni kwa wakwe zake Dindira. Tulia nikuhadithie.

Pikapu yako hatunayo tena. Tuliiuza baada ya arobaini yako, na siku ile nililia kuliko nilivyolia mazikoni. Watu wakadhani nimechanganyikiwa. Wangejuaje? Gari lile tuliliendesha wawili. Tangu ulipoanguka kutoka juu ya magunia ya mahindi ukavunjika bega la kushoto, wewe ulishika usukani na kukanyaga klachi, mimi pembeni yako nikaingiza gia. Mwanzoni ulinitajia, "Mbili! Tatu!" Baadaye hukusema kitu. Nilisikiliza injini, nikiona mguu wako unashuka natia. Watu wakatuita dereva na nusu, na hakuna aliyejua nusu ni yupi.

Unakumbuka siku uliyosema mbele ya dada yako kwamba mlenda wangu hauna chumvi? Tukapanda gari, ukakanyaga klachi, nami nikakunja mikono yangu. Injini inanguruma, gari halitoki, wauza mahindi ya kuchoma wanatuchungulia. Mpaka ukasema, "Mama Zaina, yaishe." Ndipo nikatia moja. Hee! Hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Sasa watoto wameninunulia kigari cha otomatiki. Hakina klachi wala hakiombi gia. Unaweka kwenye D, unakanyaga mafuta, kinakwenda zake. Aliyenifundisha ni mdogo wako Rajabu, Mungu amlipe kwa uvumilivu wake. Maana nilikuwa nikisikia injini inalia, mkono unaruka wenyewe, nasukuma gia mbele kutafuta tatu. Kumbe nimeitoa kwenye D nimeiweka kwenye N! Injini inapiga kelele bure, gari linaishiwa nguvu katikati ya barabara, malori yanatupigia honi, Rajabu kajishika kichwa: "Shemeji, uache huo mkono!" Nikaamua kuukalia. Mkono wa kushoto chini ya paja, usukani nashika kwa mmoja tu, kama wewe. Nilizoea polepole, na leseni nikapata.

Ikaja harusi ya Mwanaidi, kitinda mimba wetu. Kampata Mshambaa wa Dindira, kijana mpole, analima chai. Na wewe ulikuwa umemwahidi mtoto tangu mdogo kwamba siku ya kuolewa utampeleka mwenyewe kwa mumewe, hatapandishwa gari la kukodi. Zaina akaniambia, mama, milima ile si ya mchezo, tutafute dereva. Nikakataa katakata. Nikamwambia baba yenu alitoa neno lake, na mimi nipo. Lakini sikufichi, mume wangu, niliogopa. Usiku nilikuwa naona korongo tu. Nikamwombea mtoto asiingie ukweni juu ya pikipiki, tope mpaka magotini, kwa ubishi wa mama yake.

Mpaka Korogwe ni lami, hamna shida. Kisha tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, gari la mashangazi liko nyuma yetu na vigelegele vyao. Kwenye kona moja kali kigari kikababaika: kinapandisha gia, kinashusha, kinapandisha tena, hakina uamuzi. Magurudumu yakaanza kuteleza kuelekea bondeni. Mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani na sithubutu kuutoa hata mmoja. Nikapiga ukelele bila kufikiri: "Mbili!"

Basi Mwanaidi pembeni yangu, bibi harusi mzima, hina mpaka viwikoni na ushungi umemfunika uso, akanyoosha mkono akavuta gia ikaingia kwenye 2. Wala hakuuliza. Kigari kikatulia, kikashika njia, kikapanda. Mtoto yule alikulia katikati yetu ndani ya pikapu, magoti yake yakigombana na gia, kumbe miaka yote alikuwa anatutazama!

Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Wanja ukamchuruzika, wakwe zake wakampokea uso kama sufuria la kuni. Mkwe wetu mzee akauliza dereva yuko wapi apewe chai. Nikamwambia ndiye mimi, na sukari iwe nyingi.

Kesho yake nikashuka mlima peke yangu. Yalinijia yote hapo, Baba Zaina. Nilitamani uwepo, hata uniseme. Korogwe ya zamani, karibu na mto, nikaegesha gari nikalia mpaka nikamaliza. Halafu njaa ikaniuma. Nikanunua machungwa, nikala matatu, nikawasha gari, nikaimba mpaka Mkata, na hakuna wa kuniambia sauti yangu mbaya.

Mwanaidi atakuja kujifungulia kwetu mtoto wa kwanza, kama ada. Nakuahidi nitakwenda kumchukua mwenyewe, mvua iwepo isiwepo.

Lala salama, mume wangu, na Mungu akupe nuru huko uliko. Kiti chako cha upande wa kulia, cha dereva, sasa nakikalia mimi. Kimenikaa vizuri, na sikirudishi.

Mama Zaina