Asilimia Kumi na Nane

Jumapili, Kasikeu

Kumi na nane. Nimetoka nje mara tatu kuangalia skrini ya gari, kana kwamba itanionea huruma.

Asubuhi betri ilikuwa thelathini. Nilikuwa nimepanga vizuri: niende kanisani na ndugu yangu Kyalo, nile kwake, kisha niteremke Kiboko nichaji pale hotelini, nilale Voi. Mahojiano ya kazi ni kesho saa mbili asubuhi. Kufika Kiboko kunataka ishirini na mbili, tena bila AC.

Stima ilipotea katikati ya maombi. Spika zikanyamaza, kinanda pia. Kyalo akatoka na waya, na baada ya dakika kumi kila kitu kikawaka. Kwaya ikaimba nyimbo saba. Mahubiri yakachukua saa mbili.

Waya ule ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya gari langu. Funguo nilimwachia mimi mwenyewe, asogeze gari kivulini.

"Lakini dada, si gari ni ya stima?" ananiuliza, mdomo umejaa muthokoi. "Tumetumia kidogo tu, na ni kazi ya Mungu."

Nikainuka mezani. Ningefungua mdomo ningemtukana mbele ya watoto wake.

Na stima bado haijarudi Kasikeu nzima.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba spika zilipowaka, mimi ndiye niliyesimama nikapiga vigelegele, nikamshukuru Mungu mbele ya kanisa lote kwa kurudisha stima. Kyalo akiwa mlangoni, akaitikia amina.