Baba Anataka Nirudishe Breki za Dramu

Mpendwa Shangazi Mkavu, naomba msaada wako, ila nakuonya mapema usiniambie nikamwombe baba radhi, kwa sababu hilo nimeshaambiwa na kaka yangu, na mke wa kaka yangu, na mama muuza chai wa pale mlangoni kwetu, na hata mteja mmoja aliyekuja kuchukua dirisha lake akaona naye ana neno la kuchangia, na wote nimewajibu kwamba radhi huombwa na aliyekosa, mimi sijakosa, nimefunga breki.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na kazi yangu naifanyia kwenye karakana ya baba, upande wa kushoto ukiingia, kwa maana upande wa kulia ni wake. Baba ni fundi breki, na akisema breki anamaanisha za dramu, zile ambazo ndani ya chungu cha chuma mna viatu viwili vinavyotanuka na kukaba gurudumu, na kazi yake tangu sijazaliwa ni kung'oa laini zilizokwisha, yale mabamba ya kusugulia chungu, kwenye viatu hivyo na kupigilia mpya kwa riveti, moja moja, kwa nyundo ndogo ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Ametusomesha kwa nyundo hiyo, sikatai. Lakini siku hizi magari mengi yanakuja na diski, sahani ya chuma inayobanwa na pedi mbili, wateja wake wamepungua, na ukimgusia hilo anasema diski ni breki za watu wasiojua kuendesha.

Basi tuna pikapu, ya zamani kuliko mimi, taa za duara na usukani mkubwa kama sinia, baba aliinunua ikiwa mifupa mitupu akaifufua kwa mikono yake, na watu wakipita husimama kuipiga picha. Inasimama mbele ya karakana, ndiyo bango lake, na ndiyo hiyo hiyo inayobeba mageti yangu kwenda kwa wateja. Mbele ina diski tangu kiwandani, nyuma ilikuwa na dramu, nasema ilikuwa.

Sasa sikiliza. Tulikuwa tunapeleka geti la milango miwili kwa mteja wa ng'ambo ya kilima, mimi nimeshika usukani, baba kando yangu kwa sababu goti lake siku hizi halitaki klachi, na ule mteremko ni mrefu, ukadhani umekwisha unakuta ndiyo kwanza unaanza, na katikati nikakanyaga breki pedali ikazama kuliko kawaida, nikakanyaga tena ikazama zaidi, harufu ya kuungua ikaingia ndani, nikashusha gia mpaka injini ikalia, na kule chini kwenye kona kuna ukuta wa zahanati ambapo wagonjwa hukaa kusubiri zamu, niliwaona Shangazi, niliona na kitambaa cha mama mmoja, nikalipeleka gari kwenye chungu ya mchanga wa watu wanaojenga, tukazama mpaka kwenye taa. Hakuna aliyeumia. Geti liliserereka likabonyeza mgongo wa kibini tulimokaa, basi. Baba, mkono wake bado umeshika dashibodi, akasema, "Umekanyaga vibaya." Viatu vile alikuwa amevipiga laini mwenyewe wiki iliyotangulia.

Sikukanyaga vibaya. Naendesha gari hilo tangu miguu yangu ilipofika kwenye pedali.

Nikaenda duka la vipuri kuulizia seti mpya ya kubadilisha dramu kuwa diski, muuzaji akanitajia bei nikamuuliza kama hapo ni pamoja na gari lenyewe, akacheka, nikaondoka. Nikaenda kwa wauza skrepa, nikakuta gari dogo moja, saluni, limepondwa mbele yote lakini nyuma nzima kabisa, nikang'oa diski, na zile kalipa zinazozibana, na mipira yake, vyote kwa bei ya kuuza kitanda kimoja cha chuma. Ndani ya diski kulikuwa na vijiviatu vidogo na bamba lake, nikaviacha huko huko, viatu nilikuwa nimevichoka. Baba aliposafiri kwenda kumuuguza dada yake, nikafungua nyuma. Nilikata breketi za kushikia kalipa kutoka kwenye bamba nene, sikuchomelea chochote kwenye ekseli, nilifunga kwa boliti palepale dramu zilipokuwa zimekaa, fundi wa kukereza vyuma wa jirani akanitanulia matundu ya diski yakakubali, nikatoa upepo kwenye mabomba mpaka pedali ikasimama juu. Nilipojaribu, Shangazi, lile gari lilisimama mpaka nikacheka peke yangu. Magurudumu ya nyuma yanapata moto kidogo hata nisipokanyaga, nadhani ni pedi mpya, na handbreki, iliyoondoka pamoja na dramu, bado sijaiweka, kwa sasa naliegesha kwenye gia na kuweka jiwe, kama wanavyofanya wengi.

Baba akarudi. Hakugomba. Alichuchumaa nyuma ya gari, akaangalia diski zinavyong'aa kati ya matundu ya rimu, akaangalia tena upande wa pili, akanyanyuka kwa kujishika kwenye bodi. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, nilikuwa na majibu yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mteja akiniuliza mbona gari langu mwenyewe lina diski hata nyuma, nimjibu nini?" Nikamwambia mjibu kwamba binti yako anapenda kuishi. Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo amezitoa dramu nilikozitupa, amezisugua, amezipaka mafuta, amepiga laini mpya kwenye viatu, ameviweka vyote juu ya meza yangu ya kazi kwenye kitambaa safi, na ujumbe wake nimeletewa na kaka, kwamba niyarudishe mambo yalivyokuwa au mwezi ukiisha nitafute pa kuweka mashine yangu. Kaka anasema nirudishe, mzee ni mzee, nisimvunjie heshima. Huyo kaka gari lake mwenyewe lina diski magurudumu yote manne, na analipeleka kutengenezwa mahali penye kiyoyozi na magazeti ya kusoma.

Swali langu siyo kama nirudishe. Kurudisha sirudishi. Baba ananiumiza, kila asubuhi namsalimia anaitika akiwa ameipa meza yangu mgongo, na chakula cha mchana tulichokuwa tukila pamoja sasa anakula kwenye kibini cha pikapu, ndani ya gari hilo hilo asilolitaka. Nataka uniambie namna ya kuhama na mashine yangu bila kuonekana mtoto asiye na adabu.

Ni mimi, Fundi Mageti.

SHANGAZI MKAVU ANAJIBU

Fundi Mageti, weka mashine chini kwanza. Umeandika mengi, na yale makubwa mawili umeyapita mbio.

Miaka niliyoolewa na dereva wa malori ilinifundisha mambo mawili, kulala peke yangu na kuogopa miteremko. Kwa hiyo juu ya diski niko upande wako, na simung'unyi maneno. Gari linalobeba vyuma kuteremka kilima haliwekwi breki kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Kaka yako mpe ufunguo, mpakilie geti la milango miwili, mfungie zile dramu, akishafika chini salama ndipo aje na ushauri wake. Kama hataki, anyamaze. Heshima kwa mzazi haijawahi kumaanisha kuwagonga wagonjwa kwenye foleni.

Lakini wewe nawe. Jiwe? Umeupania mteremko mpaka umeushinda, halafu unaliegesha gari kwa jiwe, mlangoni ambapo mwenyewe umesema pana mama anauza chai? Siku mtu akilisogeza hilo jiwe ili akalie, utakuja kuniandikia nini? Usinijibu kwamba wengi hufanya hivyo. Wengi pia huoa bila kuchunguza, na barua zao ninazo hapa.

Barua yako nilimpelekea fundi anayetunza magari ya kusambaza gazeti hili. Aliisoma amesimama, akacheka sehemu mbili ambazo sitakutajia, kisha akaacha kucheka. Anasema ule moto wa magurudumu si pedi mpya. Masta silinda ya gari lako, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, imetengenezwa kwa gari lenye dramu nyuma, na mna kijivali ndani yake kinachobakiza nguvu kidogo kwenye mabomba ya nyuma, jambo ambalo viatu hulipenda na diski hulichukia, kwa maana pedi zinabaki zimeng'ang'ania. Kitolewe. Anasema pia gari likiwa tupu nyuma ni jepesi, diski zinaweza kuyafunga magurudumu hayo kabla ya yale ya mbele, mkia ukazunguka. Weka vali ya kurekebisha nguvu kwenye bomba la nyuma na ulijaribu kwenye uwanja mtupu, bila mzigo na bila abiria, mpaka uone ya mbele ndiyo yanayofunga kwanza. Kabla ya hapo lisitoke barabarani, hata kwa mteja anayelia.

Sasa hilo lililomfanya aache kucheka. Vile vijiviatu ulivyoviacha skrepa kwa hasira ndiyo handbreki yenyewe. Tumbo la diski ile lina dramu ndogo ndani yake, na viatu hivyo kazi yao ni moja tu, kulishika gari lililoegeshwa. Ulikuwa na handbreki mkononi ukaitupa kwa sababu ilifanana na kazi ya baba yako. Rudi leo, kabla ile saluni haijakatwa vipande, ukachukue viatu, bamba lake na kebo. Breketi ya kulishikia bamba utaitengeneza, mageti yanakushinda?

Viatu vya gari lililopondwa vitakuwa vimekwisha laini. Nani anavipiga laini mpya hapo kwenu? Unamjua, na anakula chakula chake kwenye kibini. Usiende kwake na uso wa kuomba radhi, hilo tumekubaliana. Nenda kama mteja. Simama upande wa kulia wa karakana mbele ya meza yake, msalimie, weka vile vijiviatu hapo, mwambie gari lako halina handbreki na unataka laini nzuri. Na siku mteja akimuuliza kuhusu diski, ajibu kwamba breki hizo wamezifunga wawili, yeye na bintiye.

Nabaki na jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Unadhani baba yako anagombania bango. Mimi nakwambia mzee huyo alikaa kwenye kiti cha abiria akasikia kazi ya mikono yake ikishindwa, na aliyekuwa kwenye usukani ni mtoto wake. Viatu alivipiga yeye, wiki hiyo hiyo. Ulitaka aseme nini, pale kwenye mchanga? Alisema umekanyaga vibaya kwa sababu neno lingine lililokuwapo lilikuwa ni "nusura nikuue," na neno hilo mzazi halitamki. Wewe ukaja kumjibu kwamba binti yake anapenda kuishi. Ulimpiga pabaya, mwanangu, na nadhani hukujua.

Kwa hiyo kuna kitu utamwambia, na si radhi, ni ukweli wa ufundi ambao yeye anaujua kuliko mimi, ila anahitaji kuusikia kwako. Dramu ikipata moto inatanuka, inavikimbia viatu, na pedali inazama. Inatokea hata kama laini amepiga fundi bora kuliko wote, na yeye ndiye bora kuliko wote, ndiyo maana unataka handbreki yako apige yeye. Mwambie hivi kwa maneno yako, ukiwa umemtazama. Mwambie halikuwa kosa la mkono wake. Usipambe.

Akivipokea viatu, kaa kimya umwache afanye kazi. Asipovipokea, vipeleke kwa fundi mwingine jioni hiyo hiyo, maana gari haliwezi kungoja mzee alainike. Kuhama usihame. Akikutolea mashine nje, chomelea nje, mbele ya mlango wake, cheche zimulike hadi ndani. Zile dramu alizozipaka mafuta zifunge kwa kile kitambaa uzirudishe upande wake kwa mikono miwili, ila kwenye gari zisirudi.

Na akiendelea kununa, mwache anune. Baba aliyenuna utampelekea chai asubuhi, ataikataa, kesho utampelekea tena. Baba aliyefiwa utampelekea nini, na wewe ndiye uliyezikwa?