Chumba cha Mama yake Bi Rukia

Jumanne. Mvua ya vuli imepiga alfajiri na kukatika kabla sijanyanyuka kwenye msala. Mji mzima ukabaki unatoka jasho. Mpaka natoka nyumbani nilikuwa nimezungumza mara moja tu, na paka wa jirani, nikimwambia hapa hapana samaki, aende zake.

Sijazoea bado. Nimetoka eda miezi miwili iliyopita. Waliokuwa wakija kunitazama wamerudi kwenye shughuli zao, na mimi nimerudi kwenye kazi yangu ya kutembeza wageni. Zamani tuliifanya wawili. Makame, mume wangu, ndiye aliyekuwa na historia. Mimi nilikuwa na Kitaliano, nilichokiokota nilipokuwa nikifanya kazi hotelini Kiwengwa. Yeye akisema, mimi nikifasiri. Sasa nasema mwenyewe na kufasiri mwenyewe.

Leo mgeni alikuwa mmoja, na hakuhitaji kufasiriwa.

Nilimkuta ufukweni ananisubiri, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amevaa buibui na raba nyeupe. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kunipeleka ngomeni?"

"Ndiye mimi. Naitwa Mize."

"Mimi Rukia, natoka Mombasa. Sikuja kupiga picha. Nataka unionyeshe chumba alichofungiwa mama yangu."

Nilimshika mkono akapanda boti.

Njiani akanieleza. Mama yake alizaliwa Kachi, kule India. Alikuja Unguja kwa meli akiwa msichana mdogo, yeye na kaka yake Yusuf, kumfuata baba yao aliyekuwa na duka hapa. Ndani ya meli akaonekana abiria mmoja anaumwa ndui. Abiria wa daraja la chini wakateremshwa kisiwani penye ngome, na Yusuf hakutoka tena.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, unakizunguka bila ya kuchoka. Wareno ndio walioanza kujenga pale, kuta nene za mawe na chokaa, wakaweka mizinga ikitazama mkondo zinamopita meli. Waarabu wa Omani walipowafukuza wakaongeza mnara na kisima. Wakaja Waingereza, nao hawakuwa na wa kumpiga mizinga, wakaigeuza ngome kuwa karantini. Walijenga vyumba vitano kwa safu, vimeegemea ukuta wa magharibi, na humo watu walifungiwa mpaka daktari aseme ni wazima. Waingereza nao wakaondoka. Milango ikabebwa, mabati yakabebwa, popo wakaingia.

Hayo ndiyo ninayowaambia wageni. Makame alikuwa na zaidi. Kila chumba alikipa mtu wake: hiki alilala bibi harusi aliyekuwa akisubiriwa mjini, hiki alilala mfanyabiashara wa lulu. Nilikuwa nikimuuliza tukirudi, "Hivi kweli?" Akicheka. "Mize, mtu hatoki kwao huko kote kuja kutazama mawe."

Tulipofika penye vyumba, Bi Rukia alisimama akaweka kiganja ukutani. Akanitazama, anasubiri.

Vyumba vitatu vimesimama. Viwili vya mwisho viliporomoka kwenye masika ya mwaka huu, limebaki fungu la mawe na mti mchanga wa mkungu uliokwisha kuota juu yake.

Ningeweza kusema, "Ni hiki." Neno moja tu. Angeingia, angelia, angeomba dua, angerudi Mombasa na roho yake imetulia. Makame angesema. Asingemwacha mama wa watu aondoke mikono mitupu, na angelisema kwa upendo.

Nilifungua mdomo kulisema.

"Sijui, Bi Rukia."

"Hujui, au umesahau?"

"Sijui. Na sidhani kama yupo anayejua. Pengine ni kimoja katika hivi. Pengine ni katika hivyo vilivyoanguka."

Nilijilaumu. Nikajiona nimemnyima mtu mzima kitu kidogo ambacho kisingenigharimu chochote.

Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Mtu wa hotelini jana aliniambia mama alikaa chumba cha kati," akasema. "Nilipomuuliza amejuaje, akaniambia ndivyo wanavyosema. Basi, kama hukijui, nitakaa vyote."

Akakaa vyote. Aliingia cha kwanza, akaketi chini na mgongo ukutani. Mimi nikabaki mlangoni, naona haya, kama nimeingia nyumba ya watu bila ya hodi. Akapapasa sakafu kando yake.

"Njoo ukae. Peke yangu naogopa."

Nikakaa. Ndani ya chumba cha pili ndipo aliponisimulia jinsi mama yake alivyojua kuwa Yusuf hatarudi.

Hapana aliyemwambia kitu yule mtoto. Asubuhi moja Yusuf aliamka na homa, wakaja watu wawili wakamchukua upande wa pili wa kisiwa. Akaambiwa kaka yako atarudi. Chakula kilikuwa kikiletwa mlangoni kwa sahani, wali na dengu, sahani ya watu wawili. Alipochukuliwa Yusuf, sahani ikaendelea kuja vile vile. Mtoto akila nusu yake, nusu akimwekea kaka yake. Siku moja akafungua mlango, sahani imekuja ya mtu mmoja.

"Hakuuliza," alisema Bi Rukia. "Mpaka anakufa, mama yangu hakuwahi kupakua chakula cha mtu mmoja mbele yetu. Hata akiwa peke yake nyumbani, akipika cha wengi."

Mimi sasa hivi nanunua mkate wa boflo mmoja, nao unakauka kabla haujaisha.

Kwenye vyumba vilivyoanguka hatukuweza kukaa. Tulisimama tu kando ya mawe. Halafu nikampeleka nyuma ya ngome, yalipo makaburi. Hayana majina. Ni matuta yaliyozungushiwa mawe ya pwani, mengine yameshakuwa sawa na ardhi. Akasoma Fatiha, akaomba kwa wote, akamtaja Yusuf pamoja na jina la baba yake. Mikono bado ameinyanyua, akanigeukia.

"Na wako nani?"

"Wangu?"

"Umekaa na mimi vyumba vitatu unalia. Wako nani, nimwombee pamoja na wangu?"

Sikujua kama nilikuwa nalia.

"Mume wangu," nikasema. "Makame."

"Makame bin nani?"

"Makame bin Juma."

Akamtaja. Makame bin Juma, baada tu ya Yusuf, kwa sauti ya Kimombasa, juu ya makaburi ya watu tusiowajua. Ndani ya nyumba yangu jina hilo halijatamkwa tangu eda ilipokwisha. Wanaonijia husema "marehemu". Mimi mwenyewe nasema "marehemu".

Kwenye boti akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia sikujaaliwa. Hakusema pole. Alinibana mkono tu, na hakuuachia mpaka tulipofika.

Sasa ni baada ya magharibi na nitaandika la kweli, maana hapa hapana wa kunicheka. Nilimwonea wivu mama yake Bi Rukia. Amekufa zamani, na bado ana binti wa kuvuka bahari kwenda kukalia sakafu yenye mavi ya popo ili aone alipolala. Mimi nani ataniulizia?

Nimekaa na swali hilo mpaka nikaona limegeuka. Makame naye hakuwa na mtoto. Wa kumuulizia Makame ni nani, kama si mimi?

Nikampigia simu wifi yangu, dada yake, yuko Nungwi. Tangu eda hatujazungumza. Hatukugombana, nadhani kila mmoja alichelea kumliza mwenzake. Tukaulizana hali.

"Wifi," nikasema, "Makame alipokuwa mdogo alikuwa analala chumba gani?"

Nikamsikia anacheka, na kicheko kinakatika katikati.

"Chumba kipi, wifi? Tulikuwa tukilala ukumbini sote, yeye mlangoni kwa ajili ya joto. Mkeka wake ulikuwa ukimzidi urefu." Akapenga kamasi. "Njoo Ijumaa, nikuonyeshe."

Ijumaa nakwenda Nungwi.