Mtani Ndani ya Kaburi Lako

Shangazi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nikakaa muda mrefu, maana hakuna wa kuniitikia marahaba kwa ile sauti yako nzito ya ugoro.

Nakuandikia nikiwa barazani kwako hapa Ngombezi. Mvua haijakatika tangu tulipoondoa matanga. Paa la upande wa jikoni linavuja palepale ulipotuambia tupaezeke mapema, nasi hatukupaezeka. Nimetega sufuria yako, ile iliyokatika mkono, na kila tone likigonga nafikiri ni wewe unakwangua ukoko.

Nyumba imepungukiwa watu. Yule mama wa Hale wamekuja wanawe wakamchukua. Walisema hawawezi kumwacha mgonjwa mahali pasipo na mwenyewe. Yule kijana aliyekuwa akizungumza na kuku ameondoka kwa miguu, akielekea Handeni. Nilimfuata hadi kwenye mashamba ya mkonge, akanipotea humo. Nimeulizia kwa wapita njia, hakuna aliyemwona. Amebaki Lugendo.

Watu bado wananiuliza ulikuwa ukiwatibu kwa kitu gani. Nawajibu kama ulivyokuwa ukijibu wewe: "Dawa siijui. Najua uji." Hawaridhiki. Wanadhani nawaficha mzizi. Mtu asiyedai mbuzi wala kaniki hawamwelewi.

Mimi najua ulianza kwa sababu ya Baba, kaka yako. Alirudi kutoka vita vya Hitla na buti nzima na akili iliyochoka. Kule Misima wazee wakaogopa asije akachoma nyumba, wakamtia mguu kwenye gogo lililotobolewa. Lakini ukimkumbuka Baba hukuwa ukilitaja lile gogo. Ulikuwa ukisema, "Watani wake waliacha kuja." Wale Wanyamwezi, watani wetu sisi Wazigua, waliokuwa wakiingia jikoni kwetu bila hodi, wakimwita Baba mvivu mbele ya mkewe na kuondoka na kuku wetu, walianza kumpita kama wanapita mti. Alipokufa alizikwa kimyakimya. Hakuna mtani aliyemwigiza wala kuwachekesha wafiwa. Ulisema walimzika kama mtu aliyekwisha kufa zamani.

Basi ulipomfuata mumeo huku kwenye kambi ya mkonge, na manamba, wale vibarua wa mkataba, wakaanza kukuletea wenzao walioharibikiwa akili mbali na kwao, hukuweza kuwafukuza.

Nakumbuka Jumapili tulizokwenda sokoni Korogwe. Ulikuwa ukitembea na mgonjwa bila kamba, umembebesha kapu kama mtu mwingine yeyote. Watu walikuwa wakitupisha. Siku moja yule mama wa Kishambaa anayeuza ndizi akapiga kelele, "Mama Vichaa, mpitishe mtu wako kule, atanimwagia ndizi!" Ukasimama palepale. "Yeye yuko kimya, wewe ndiye unayepayuka sokoni. Haya, mgonjwa nani?" Soko zima likacheka. Walipokuwa bado wanacheka ndipo ukaanza kusema nao: kwamba kichwa huumwa kama tumbo linavyoumwa, wasimtupie mtu mawe, wasimfungie ndani mpaka akaoza, wamlete. Kisha ukapitisha kapu. Huyu konzi ya unga, huyu kipande cha muhogo. Wengine walisema unakusanya unga wa kurogea. Yule mama wa ndizi alitoa chane nzima, akasema anatoa ili uondoke upesi.

Halafu akaja Lugendo. Sisahau. Wenzake wa kutoka Tabora walimleta amefungwa kamba ya katani hadi viganja vimevimba. Walikuwa wamemkuta ameketi katikati ya safu ya mkonge, kisu mapajani, hakati, hali, hasemi. Mnyapara alikuwa ameapa kwamba asipopata nafuu atapakiwa kwenye gari la moshi, apelekwe hospitali ya vichaa ya mbali ambako hakuna hata mmoja anayejua jina lake.

Ulimfungua kamba. Ukamtazama sana. Kisha ukamshukia kiutani, kama Mzigua anavyomshukia Mnyamwezi njiani: "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe kichwa chako mwenyewe kimekushinda kubeba?"

Wenzake walishtuka. Mtu mgonjwa vile! Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na kata ya maji, nikaona macho ya Lugendo yameinuka, yakakutazama, yakashuka tena. Basi. Lakini wewe ulifurahi kama umepewa ng'ombe.

Tangu hapo kila asubuhi ulimpelekea uji na tusi. Kwamba Wanyamwezi wanakula hata kivuli cha chungu. Kwamba ameoa mkonge. Yeye anakunywa uji, kimya. Mnyapara alipokuja kumchukua ulimsimamia mlangoni: "Huyu mtani wangu, na hajanijibu bado. Hawezi kuondoka kabla hajanijibu." Mnyapara akakaza uso, akashindwa, akacheka, akarudi. Alikuja tena mara nyingi, na kila mara kicheko chake kilipungua, mpaka ikafika siku ambayo hakucheka kabisa.

Kifua kilipokulaza ulikuwa ukimwita kutoka ndani, kwa pumzi ya kuokoteza: "Lugendo! Mimi nakufa, na wewe bado unanisikiliza tu?" Alikuwa ameketi hapa barazani nilipoketi mimi sasa. Hakujibu.

Hukumsikia akijibu hata mara moja, Shangazi. Ndiyo maana naandika. Sina njia nyingine ya kukupa habari hii.

Siku ya kukuzika tulikwenda wanaume wengi kuliko nilivyotarajia. Walikuwapo wa kiwandani, wa kambini, hata mnyapara. Nilimwona amesimama na vijana wake wawili, mmoja ana kamba begani. Alikwisha kuniambia asubuhi ile: mwenye nyumba amekufa, kwa hiyo baada ya maziko Lugendo anapelekwa stesheni. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikuwa nalia.

Jeneza lilikuwa bado mabegani mwetu Lugendo alipotokea nyuma ya watu. Akapita katikati yetu, akateremka kaburini, akalala chali.

Watu wakarudi nyuma. Mmoja akaita, "Kichaa kimempanda! Kamba! Leteni kamba!" Shehe akanyamaza katikati ya dua. Yule kijana mwenye kamba akasogea ukingoni. Nami, Shangazi, niliwaza kama wao. Nilijua yamekwisha.

Ndipo ikatoka sauti shimoni, imekwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa: "Bibi huyu Mzigua amenitukana kila kukicha, mimi nimenyamaza. Leo kanyamaza yeye. Sitoki humu mpaka nipewe kuku."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakingoja, na mimi nikaelewa wananingoja nani. Pale kaburini mimi ndiye niliyekuwa Mzigua mwenye msiba. Mtani akidai, mfiwa ndiye wa kumjibu. Nikinyamaza, aliyelala mle ni kichaa tu, na kamba iko tayari.

Nilikuwa nimebeba jeneza upande wa miguu yako. Machozi yananiingia mdomoni. Nikapaza sauti: "Toka humo, Mnyamwezi mlafi! Kuku wa marehemu umewamaliza ukiwa bubu, sasa umepata ulimi unataka na kaburi lake? Shimo limechimbwa kwa kipimo chake, na tumbo hilo utalipasua!"

Lugendo ni mifupa mitupu, unamjua. Kwanza akacheka mmoja. Kisha mzee mmoja wa Kinyamwezi akadakia, "Mwongezeeni na jogoo, bibi alikuwa na mdomo!" Wakacheka wote, wanakucheka wewe na kukulilia. Mnyapara akainama, akampa Lugendo mkono, akamvuta juu. Yule kijana wa kamba akauliza, "Bwana, na hii?" Mnyapara akamwambia, "Kafungie mbuzi."

Lugendo akashika koleo, akakufukia pamoja nasi mpaka mwisho. Kuku tulimpa yule wako mwekundu. Usinikasirikie, hapakuwa na mwingine aliyenona.

Ningependa kukuambia amepona. Hajapona. Siku ya pili yake alirudi kwenye ukimya wake, na mpaka leo yumo humo. Mnyapara amesema anamwacha mpaka mvua zikatike, halafu ataona. Wanawake wa kambini wanaleta unga, si kila siku, na kuni zimelowa. Jumapili iliyopita nilimchukua Lugendo tukaenda naye sokoni, amebeba kapu lako. Sikujua namna ya kuanza kusema na watu. Wewe ulikuwa ukijua. Nilisimama tu, na watu wakatupisha. Yule mama wa ndizi ndiye aliyeniita: "Leo Mama Vichaa yuko wapi?" Nilipomwambia alikunja kanga yake, akaikunjua. Kisha akamwekea Lugendo chane kapuni kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii hakutuambia tuondoke.

Nilisema maneno machache baada ya hapo. Kwamba kichwa huumwa kama tumbo. Wawili watatu walisogea.

Asubuhi nampelekea uji. Namtukana kama ulivyokuwa ukimtukana, ingawa matusi yangu ni mabovu, mengi nimeiba kwako. Anakunywa. Leo niliona macho yameinuka kidogo, au labda ni mvuke wa uji.

Pumzika sasa, Shangazi. Mungu akulaze mahali pakavu. Paa nitaliezeka mvua ikipumua, na mlango huu sitaufunga maadamu nina mikono. Kesho asubuhi nitamtukana tena, na kesho kutwa. Na siku atakayonijibu, hata likiwa neno moja, hata akinitukania mama yangu, nitatoka hapa mbio hadi kaburini kwako nikuambie alichosema.

Mtoto wa kaka yako,
Mhina