Supu Isiyoonjwa

Ufini, mwezi wa Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba maandishi haya yatakukuta ukiwa na afya, na kwamba goti lako limetulia licha ya baridi inayoshuka kutoka milimani majira haya. Violet na wanawe wanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ingawa moyo wangu haujatua tangu ndege ilipotuteremsha katika nchi hii ya Ufini.

Safari ilikuwa ndefu, karibu sawa na ile ya basi kutoka Mbamba Bay hadi Dar es Salaam, ila huku hakuna mahali pa kushuka ukanyoosha miguu. Chakula cha ndege nilikila kwa sababu kilikuwa kimefunikwa na kubanwa, nikakihesabu kuwa sawa na soda: anayefungua ni mnywaji mwenyewe. Agizo lako sikulisahau. Uliniambia pale stendi, mbele ya Baba Mdogo Cleopa, kwamba nisile cha mtu ambaye hajakionja kwanza mbele yangu, kwa kuwa marehemu Baba alipokea kikombe cha togwa msibani bila mwenye kikombe kukigusa, na hatukukaa naye tena. Nikaapa.

Uwanjani, afisa mmoja alifungua begi langu, akanusa usipa ulionifungia, akauliza kama ni dawa. Nilimweleza kwa Kiingereza fasaha kwamba ni samaki wadogo wa ziwa letu, na ni zawadi kwa mwenyeji wangu. Akatabasamu, akaomba radhi, akautia katika pipa. Nilimtazama sana yule bwana. Mpaka leo sina hakika kama pipa lile halikuwa na mlango wa nyuma.

Nimepangiwa kwa Bibi Helvi, mjane anayeishi katika kijiji cha kando ya ziwa, mahali ambapo mradi wetu wa utafiti wa samaki una mashua yake. Hakuniuliza habari za nyumbani, wala za safari, wala mimi ni mtoto wa nani. Alinionyesha kitanda na mapazia meusi tu. Nikajiuliza mtu mwema anaficha nini kwa mapazia meusi. Kumbe jua la huku majira haya halizami, na bila mapazia hakuna anayelala. Kesho yake alinionyesha kibanda cha mbao wanamoogea mvuke, kilichokuwa kikifuka moshi kando ya maji, akaniashiria nivue nguo niingie. Mama, ni banda la kubanikia samaki lile, tofauti yake ni kwamba anayeingia ni mtu. Nilimshukuru, nikasema nina mafua.

Lakini lililonitesa ni chakula. Aliniwekea supu ya samaki yenye maziwa. Hakuionja. Alikwenda kuketi dirishani, akanipa mgongo. Nikasema nimeshiba chakula cha ndege, shibe ambayo siku zilizofuata haikuweza kuaminika tena. Nikawa naishi kwa ndizi na mayai ya kuchemsha, vitu ambavyo Mungu mwenyewe amevifunga.

Mwenzangu mradini ni Egidi, Mmatengo wa kule milimani Mbuji, aliyetangulia kuja mwaka jana. Aliponiona nikimenya yai mashuani, alicheka hadi akashika ukingo. Alisema watu wa ziwani tumenyonyeshwa uoga, na kwamba Bibi Helvi kama angetaka kuua mtu angeanza na yeye Egidi, aliyenona, si Mnyasa mwenye mbavu kama wavu. Nikamjibu kwamba Wamatengo hawashtushwi na sumu kwa kuwa wameizoea katika pombe yao. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba Bibi Helvi amemlalamikia mkuu wa mradi kuwa mgeni wake anadharau mkono wake, na anaomba niondolewe. Kijiji hakina nyumba nyingine yenye nafasi ya mgeni. Nikiondoka kwake narudishwa Tanzania, na nafasi yangu ya shahada ya pili anapewa mwingine.

Egidi alinieleza pia kwamba kwa watu hawa, kutia kijiko chako katika chakula cha mgeni ni uchafu, na kumwacha ale bila kumkodolea macho ndiyo heshima. Nilimsikiliza, lakini nikajiambia kwamba hata muuaji anaweza kuwa na heshima.

Niliamua kumpikia. Ziwa lao lina samaki wadogo wanaong'aa kama usipa; nikawakaanga, nikasonga ugali wa unga wa ngano uliokubali kwa shida. Bibi Helvi akaketi. Nami, kwa adabu uliyonilea nayo, nikavuta sahani yake, nikamega tonge, nikachukua samaki, nikatafuna mbele yake, kisha nikamsogezea. Nilisubiri shukrani. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, na uso ule niliutambua: ndio niliokuwa nikiikabili nao supu yake. Akaizungusha sahani polepole hadi upande nilioumega ukawa mbali naye. Halafu akala. Hakubakiza hata mkia.

Alipomaliza aliinuka, akapakua supu, akaiweka mbele yangu. Hakuionja. Safari hii hakwenda dirishani. Alisimama pale pale.

Mama, hapa ndipo kalamu inaponielemea. Nilimwona Baba na kikombe chake. Nikaona pia kwamba mwanamke yule alikuwa amekula chakula alichokishuku, na sasa anangoja kujua kama mimi naweza. Nimekula, Mama. Nimekula bila kuonjewa, nikijua kwamba navunja kiapo nilichokupa mbele ya Baba Mdogo. Ilipungua chumvi, lakini ilikuwa tamu.

Sikukuandikia siku ile, kwa kuwa sikutaka kukutumia habari ambayo mwisho wake mimi mwenyewe sikuujua. Jana mkuu wa mradi amenijulisha kwamba Bibi Helvi amekubali nibaki.

Naomba radhi yako. Kama hasira itakuzidi, mwambie Baba Mdogo aniandikie, nami nitapokea kila neno. Ila sitakudanganya kwamba nitaacha. Kila jioni naitazama supu kwanza, nasali kimoyomoyo, halafu nakula.

Nisalimie Violet na wanawe, Baba Mdogo Cleopa, na waumini wote wa kanisa letu la Ngumbo. Mungu akulinde.

Mimi mwanao mtiifu, kwa yote mengine,

Hamphrey