Mke wa Komanda, Wake wa Kaisari

Jumatatu, 5 Februari 2001. Butembo

Ukungu hadi saa tatu. Chaki mbili kwa wiki nzima, nimezivunja vipande. Wanafunzi wa darasa la tano, upande wa Latini, walifika wamelowa, wengine wametoka kule juu Kimemi kwa miguu.

Somo: Eudoxia, mke wa Kaisari Arcadius. Sanamu yake ya fedha ilisimamishwa karibu na kanisa, watu wakacheza na kupiga kelele, askofu akakemea mimbarani. Ikasemekana amemwita Yezebeli, yule malkia wa Biblia aliyewawinda manabii. Askofu akafukuzwa mjini, akafia uhamishoni. Eudoxia mwenyewe hakumaliza mwaka ule wa kumfukuza. Alikufa na mimba tumboni.

Prefe Kambale, mkuu wa shule, alikaa nyuma ya darasa na daftari lake la ukaguzi. Baadaye aliniambia masaa mawili juu ya wanawake hao yanatosha, programu inangoja mashambulizi ya washenzi. Nikasema ndiyo. Sina nguvu za kubishana.

Msichana mmoja aliuliza kama Eudoxia alijichagulia mume. Nikajibu hapana, mtu wa ikulu alimwonyesha Kaisari picha yake, basi. Darasa zima likanitazama. Wote wanajua habari za Kavira.

Niandike hata kama ninajiandikia mwenyewe. Kavira ni mdogo wangu. Miaka miwili iliyopita alikuwa anapeleka vitenge Beni kuuza. Askari wa waasi wakamteremsha kwenye lori, pale kwenye kizuizi cha barabarani. Baada ya miezi mitatu tukasikia anaishi na komanda wao. Sasa wanamwita Mama Komanda. Prefe, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alisoma jina lake mbele ya waumini kati ya waliotengwa na kanisa. Mama alikuwa amekaa benchi la pili na wanakwaya wenzake. Hajaimba tangu siku ile. Jina la Kavira halitajwi nyumbani.

Nimechoka na Roma. Nimechoka na Butembo.

Jumatano, 7 Februari

Prefe amesafiri kwenda Beni na orodha ya wanafunzi watakaofanya mtihani wa mwisho. Inabidi ipigwe muhuri kule. Maharage, viazi vya Kipese. Mvua.

Ijumaa, 9 Februari

Prefe amekamatwa. Dereva wa camionnette, ile gari ndogo ya abiria, ndiye aliyeleta habari. Walimshusha kwenye kizuizi cha barabarani, wakafungua mfuko wake, wakampeleka kambini. Hakuna anayejua kosa.

Lakini wote wanasema wanajua. Kwenye salle des profs, chumba cha walimu, waliacha kuzungumza nilipoingia. Wanasema Kavira amelipa kisasi. Yezebeli amemkamata mtu wa Mungu. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wao hadithi hiyo Jumatatu. Ningecheka kama ningeweza.

Jioni alikuja Mama Espérance, mke wa prefe. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba magotini. Alisema kidogo tu. Mume wake ana sukari, dawa amezisahau nyumbani. Kisha: "Mwalimu, weye ni dada yake. Hatuna mutu mwingine."

Mama alikuwa jikoni. Alisikia kila kitu. Hakutoka.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani. Watu ambao hawajanipa mkono mwaka mzima leo wamenipa mikono miwili. Wamekumbuka kwamba tuna ndugu Beni. Niliwachukia kwa muda wa nyimbo mbili, kisha hata chuki ikanichosha.

Mama amesema nisiende. Sikumuuliza sababu. Moyoni najiuliza swali moja tu: je, ni yeye kweli? Mtoto niliyembeba mgongoni, je, anaweza kumfunga mzee mgonjwa kwa sababu ya jina lililosomwa kanisani? Sijui. Miaka miwili ni mingi.

Jumanne, 13 Februari

Galla Placidia. Sina kitabu, nina daftari nililonakili kwa mkono nilipokuwa mwanafunzi. Binti wa Kaisari, alichukuliwa mateka na Wagoti, akaolewa na mfalme wao. Mfalme akauawa. Aliyeshika utawala akamtembeza Placidia kwa miguu mbele ya farasi wake, pamoja na mateka wengine. Kisha akarudishwa kwao kwa kubadilishwa na ngano. Wakamwoza tena, bila kupenda kwake. Baadaye akaitawala Roma kwa miaka kwa jina la mwanawe mdogo.

Nilitaka kuwaeleza nguvu za wanawake hao zilitoka wapi. Hazikuandikwa katika sheria. Zilipita kitandani, mezani, kwa mtoto wa kiume, kwa askofu. Pulcheria, binti wa Eudoxia, peke yake alipata njia nyingine: aliapa kubaki bikira ili mwanamume yeyote asiingie ikulu kwa mgongo wake. Kengele ikalia kabla sijafika mwisho.

Kesho naenda Beni. Dawa za prefe ziko kwenye mkoba wangu.

Jumatano, 14 Februari. Beni

Vizuizi vinne. Kila mara kushuka, kufungua mkoba, kujieleza. Kwenye cha mwisho nilisema ninakwenda kwa Mama Komanda. Askari akasimama wima. Niliona aibu, halafu nikaona raha kidogo, halafu nikaona aibu ya ile raha.

Joto la Beni nilikuwa nimelisahau. Nyumba ina bati jipya na askari wawili mlangoni. Barazani wamekaa wanawake tisa au kumi, wote na mikoba magotini kama Mama Espérance. Mmoja ametoka Mangina kwa ajili ya mume wake aliyefungwa. Nilikaa mwisho wa mstari. Kavira alitoka, akaniona, akasimama. Amenenepa usoni. Ananiita yaya, dada mkubwa, kama zamani.

Ndani hakunipa hata nafasi ya kuuliza.

"Miye sikumufunga. Sikujua hata kama iko mule. Batu ba Butembo banazania niko na funguo ya cachot, ya gereza yao."

Nilimwamini mara moja. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Alituma mtu kuuliza kambini, na kupeleka dawa. Jibu lilikuja baada ya saa moja. Ni ile orodha ya mtihani. Majina ya vijana arobaini, tarehe za kuzaliwa, vijiji. Askari walidhani ni orodha ya vijana wanaopelekwa msituni kwa Mai-Mai, wapiganaji adui zao. Prefe aliwaeleza kwa Kifaransa kirefu. Wakazidi kumshuku.

Nilimuuliza kama Komanda anamsikiliza.

"Siku ingine ananisikia. Siku ingine hapana. Ninangoya akule, ninangoya acheke. Nikiuliza mbaya, ile mufungwa wa kambi anaweza kufa sababu yangu." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kupika sombe.

Mchana alinichukua makaburini, nyuma ya kanisa la Wakatoliki. Kaburi dogo, saruji, hakuna jina. Mtoto wake wa kiume. Miezi minne, malaria. Mwaka jana mwezi wa nane. Sisi hatukujua hata kama alizaliwa.

Alinieleza walivyozika. Askari sita, yeye, na mwanamke mmoja anayefua nguo pale nyumbani. Komanda alikuwa safarini. Hakuna aliyejua wimbo, kwa hiyo hakuna aliyeimba.

"Nitamuombea prefe wenu, yaya, hata kama weye hungekuya. Lakini niko na neno moja. Mama akuye hapa. Hapana kwa nyumba. Hapa."

Alhamisi, 15 Februari. Beni

Bado. Komanda alirudi jana jioni, nilisikia sauti yake kupitia ukuta, sikumwona. Leo asubuhi Kavira ana alama kwenye taya, upande wa kushoto. Alipaka poda mbele yangu, polepole. Kisha akatoka barazani kuwasikiliza wanawake wake.

Ni mimi niliyeleta alama ile. Niliileta ndani ya mkoba pamoja na dawa za sukari.

Jumamosi, 17 Februari. Butembo

Walimtoa prefe asubuhi. Kavira aliombaje mara ya pili sijui, na hakuniambia. Jeep ilimleta hadi uani kwa Kavira, kule Beni. Suruali bila mkanda, viatu bila kamba, ndevu nyeupe ambazo sijawahi kuziona. Amepungua.

Kavira alitandika meza. Alimshikia beseni, akammwagia maji mikononi, kama mkwe anavyofanyiwa. Prefe alitazama ile mikono, kisha akaiona ile taya. Poda haikufunika. Alikula matonge mawili ya bugali, la tatu likamshinda.

"Asante, madame," alisema.

"Kula kidogo ingine, muzee. Barabara ni murefu."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba radhi. Nilikuwa nimengojea jambo kubwa zaidi, nikabaki na njaa.

Njiani, pale Maboya, akaniambia, akitazama nje ya dirisha, kwamba jina la Kavira lilisomwa kwa uamuzi wa kamati.

Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati.

"Ndiyo," alisema.

Jumatatu, 19 Februari

Prefe alikuwa langoni saa moja na nusu, akihesabu wachelewaji. Tai imefungwa. Watu wanasema alifunguliwa kwa maombi. Wengine wanasema Kavira alichoka kumtesa. Nilieleza habari ya orodha kwenye salle des profs, mara mbili. Walitikisa vichwa. Hadithi ya Yezebeli ni tamu kuliko ya muhuri.

Nimerudia Placidia, kwa sababu hatukumaliza. Kuna mstari kwenye daftari langu juu ya mtoto wake wa kwanza, yule aliyezaa na Mgoti. Alikufa mchanga, wakamzika katika jeneza la fedha huko Hispania. Placidia alipokuwa mzee, muda mfupi kabla ya kufa, jeneza la mtoto lilizikwa upya Roma. Miaka thelathini na mitano. Sikuweza kuusoma mstari huo kwa sauti. Nikawapa zoezi la tarehe.

Jioni nimemwambia Mama. Kaburi, mwezi wa nane, askari sita, kwamba hakuna aliyeimba, kwamba Kavira anamwomba aende pale. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua hadi yakaisha, akaanza tena yale yale. Kisha akasema hapana, haendi.

Jumamosi, 24 Februari

Barabara ya Beni imefungwa, risasi upande wa Kabasha. Shuleni wamefika nusu ya wanafunzi. Mama hasemi nami. Amelima kipande chote cha nyuma ya nyumba, peke yake, kwa siku mbili. Hatukupanga kulima.

Jumapili, 4 Machi

Nilidhani leo prefe atasimama kanisani kumtetea Kavira. Nilikuwa nimejiambia hivyo wiki nzima, bila sababu yoyote. Alisoma matangazo: mkutano wa akina mama, ukarabati wa choo cha parokia. Akaketi. Nilitaka kutoka nje. Ni mwoga, nami nilimnunulia uhuru wake kwa taya ya dada yangu.

Alasiri alikuja nyumbani, peke yake, bila mkoba wala Biblia. Mama hakumkaribisha kukaa, akabaki amesimama. Aliongea Kinande, lugha yetu, kifupi. Alisema habari ya kaburi ameisikia kwangu. Alisema mtoto hakutengwa na mtu, na kama Mama atakubali, atamsindikiza Beni, asome zaburi pale. Mbele ya kanisa hawezi, kamati imegawanyika. Lakini hilo anaweza.

Mama akamuuliza kama kule kwenye cachot walimpiga.

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa," Mama akasema, na akaenda kupasha kahawa.

Jumamosi, 10 Machi. Beni

Barabara ilifunguliwa Alhamisi. Tuliondoka mapema, Mama katikati, prefe upande wa dirisha. Kwenye vizuizi niliwaacha wao wajieleze. Prefe alisema kila mara: ninamsindikiza mama huyu kwenye msiba wa mjukuu wake. Askari wakatupitisha.

Kavira alikuwa makaburini tayari, bila askari, kitambaa cheusi kichwani. Mama alimpita bila kumsalimu, akaenda moja kwa moja kwenye saruji. Alipiga magoti kwa shida. Aligusa pembe zote nne, kama anayekagua kazi ya fundi.

Kisha akauliza, bila kugeuka: "Jina lake?"

Baba yake alimpa jina la kwao, Kavira alisema. Yeye mwenyewe alimwita Paluku.

Paluku ndilo jina letu la mtoto wa kwanza wa kiume. Mama alilirudia mara tatu, taratibu. Prefe akasoma zaburi, sauti haikutetemeka. Alipofunga kitabu, Mama akaanza wimbo. Sauti iliyokauka kwa karibu miaka miwili ilikatika katikati ya ubeti. Kavira akaushika pale ulipokatika. Mimi sikuimba. Sikuweza.

Prefe amerudi Butembo na camionnette ya saa nane. Mama amekataa kuingia ndani ya nyumba ya Komanda. Amekaa barazani, nami kando yake, kwenye benchi la wale wanawake wenye mikoba, akijifunika kitenge. Kavira alileta chai, akasimama mbele yake na sinia kama mgeni. Mama akaonja, akasema sukari imezidi.

Kavira akaichukua, akaenda kutengeneza nyingine. Nimemsikia jikoni akipuliza moto. Imeanza kunyesha. Mama amesogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.